Siku ya Marejesho Naijua kwa Watoto: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Malezi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum;
Wakurugenzi wa Jiji na manispaa za Dar es Salaam;
Maofisa ustawi wa jamii na watendaji wa kata.

YAH: MALEZI YA WATOTO NA MIFUKO YA WAZAZI WAO

Shikamooni wakubwa. Kwa mlio wadogo kwangu, hamjambo. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlezi wa watoto wadogo. Nina miaka 56, nina wajukuu 4, na kazi hii naifanyia nyumbani kwangu, vyumba viwili na baraza, nyuma ya soko ambalo sitalitaja kwa sababu mtakayoikuta huko mbele. Leo nilikuwa na watoto 17. Mdogo kuliko wote ana miezi 3 na wiki moja. Mkubwa atatimiza miaka 5 mwezi wa 12 na tayari ananipangia kazi. Natoza 1,500 kwa siku, uji wa asubuhi na chakula cha mchana humo humo. Wapo wanaolipa 1,000. Wapo ambao wamo kwenye daftari langu tangu mfungo uliopita na bado nawapokelea mtoto, maana daftari ni la mama, si la mtoto.

Mlango wangu huanza kugongwa saa kumi alfajiri. Wa kwanza ni mama anayeuza ndizi. Anamfungua mtoto mgongoni gizani, mtoto kalala, shingo imelegea, na ananikabidhi pamoja na khanga yenyewe ili asishtuke. Halafu huyoo, anawahi gari la soko la ndizi la Mabibo, kwa sababu mikungu mizuri huisha kabla jua halijachomoza. Nyuma yake wanakuja wa Feri wanaofuata samaki, kisha wa mboga. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi ninao kumi. Jioni nako wanarudi kwa mpangilio wenye maana yake: aliyeuza vizuri huwahi. Ukiona saa mbili usiku mtoto bado yupo kwangu, ujue mama yake kakaa na beseni kando ya barabara anasubiri watu watoke kazini, apate angalau ya uji wa kesho.

Mwaka jana niliitwa kwenye semina ya malezi ofisi ya kata. Nilifurahi, na sisemi kwa kejeli. Afisa aliyetufundisha alikuwa kijana mwenye adabu na kazi yake anaijua. Alituambia habari za siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto atimize miaka 2, na jinsi ubongo unavyojengeka kwa kasi katika siku hizo. Alitueleza Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, na mambo yake matano: afya bora, lishe ya kutosha, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio.

Hilo la mwisho lilinikaa, kwa sababu nalifanya miaka yote bila kujua kwamba lina jina. Kwa lugha yangu mimi, ni hodi na karibu. Mtoto mchanga kutwa anapiga hodi. Anapiga kwa macho, kwa kilio, kwa kukuvuta ushungi, kwa kunyoosha kidole kule alikopita paka. Ukimwitikia karibu, ukamtazama, ukasema naye hata upuuzi tu, anajua duniani kuna watu. Asipoitikiwa atapiga kwa nguvu zaidi. Asipoitikiwa tena, na tena, ataacha kupiga. Ninao wawili wa hivyo. Walipofika kwangu walikuwa wametulia mno, na mtu asiyejua watoto angewasifu kwamba hawasumbui.

Basi afisa alianza na methali tunayoijua sote, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akamalizia kwa kutuhimiza tuongee na watoto wetu kila siku, tuwaimbie, tucheze nao. Nyuma kabisa mama mmoja akanyoosha mkono. Akasema: "Afisa, mimi wangu namwacha amelala na namkuta amelala. Hayo mazungumzo nimfanyie saa ngapi?"

Ukumbi ulicheka. Afisa naye akacheka, akasema tujitahidi kutafuta muda, akaendelea na somo. Tulipewa soda na nauli, tukasaini karatasi, tukatawanyika. Swali la yule mama likabaki pale pale kwenye viti vya plastiki, na ndilo nawaletea.

Wakubwa, mimi siku ya marejesho ya mikopo naijua kwa watoto. Mtaani kwetu vikundi vingi vya mikopo vinarejesha Jumatatu, lakini hata wangehamishia Alhamisi ningejua bila kuambiwa. Siku hiyo watoto wanafika mapema kuliko kawaida, nyuso hazijaoshwa, wengine bado wana nguo za jana. Wale wasemaji wanakuwa wakimya hadi saa nne. Kuna wa miaka 3 ambaye siku nyingine akifika ananisalimia mpaka vyungu, Jumatatu anakwenda moja kwa moja kukaa nyuma ya mlango. Mama wa yule wa miezi 3 huniambia Jumatatu maziwa hayashuki. Anakaa na mtoto kifuani, anamtikisa, macho yake yako kwenye simu, anahesabu nani hajatuma. Mtoto anamtazama usoni. Anapiga hodi. Mama yupo na hayupo.

Mikopo hii mnaijua jina lake, kausha damu. Nitawapa hesabu ya mama mmoja kama alivyonisomea mwenyewe barazani. Aliomba 200,000. Alipewa mkononi 180,000, kwa sababu fomu na kitu walichokiita bima vilikatwa juu kwa juu. Anarudisha 260,000 kwa wiki 8, yaani 32,500 kila Jumatatu, auze asiuze, anyeshewe asinyeshewe, mtoto augue asiugue. Akikosa, wenzake wa kikundi wanamlipia, na wakishamlipia wanakuja kwake. Mwezi wa 3 walibeba jiko la gesi na godoro. Waliobeba ni wanawake wenzake, wana watoto, mmoja ni mteja wangu. Aliniambia baadaye kwamba alishika upande wa miguuni wa lile godoro ili asimwone mwenzake usoni.

Msiharakishe kusema hawana elimu ya fedha. Yule mama wa ndizi anajua bei ya mkungu katika masoko matatu kabla hamjaamka. Tatizo linaanzia mahali pengine, na hapo naomba mnisikilize taratibu. Mwanamke wa sokoni akikaribia kujifungua anaacha biashara. Anajifungua. Anakaa ndani, na kwa mila zetu angekaa mpaka arobaini. Katika siku hizo nyumba inakula nini? Inakula mtaji. Ndizi hazinunuliwi, wateja wanahamia meza ya jirani, fedha ya mzunguko inageuka sabuni, nepi, supu ya mzazi na dawa. Arobaini ikifika, mtoto yupo, mtaji hayupo. Hapo ndipo kijana wa mkopo anapoonekana, na fomu yake, na tabasamu lake. Kwa hiyo watoto wengi ninaowapokea hawana miezi miwili na tayari nyumbani kwao kuna deni lililozaliwa pamoja nao.

Mwenye ajira rasmi analindwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Akirudi kazini anaruhusiwa muda wa hadi saa mbili kila siku kwa ajili ya kunyonyesha. Mtoto wake na wa mama ndizi wana tumbo lile lile, wana ubongo ule ule wa siku 1,000, kliniki wanachanjwa sindano ile ile. Ila mmoja sheria imemwona na mwingine haijamwona, kwa sababu mama yake anajiajiri kwa beseni.

Mchana wakishakula, wakubwa kidogo hucheza kujipikilisha barazani. Vifuniko vya soda ni masufuria, mchanga ni wali. Zamani mchezo ulikuwa na baba, mama, mtoto na mgeni. Siku hizi kuna mtu mwingine. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nachambua dagaa, nikamsikia mmoja anagonga ubao: "Hodi! Hodi hapa!" Binti wa miaka 4 aliyekuwa mama akawaashiria wenzake wanyamaze, akajikunyata nyuma ya ndoo, akamsukuma mdogo kabisa atoke. Mdogo akatoka, akasimama wima, akasema kwa sauti ya mtu aliyekariri: "Mama hayupo. Kasafiri." Yule wa kugonga akauliza, "Anarudi lini?" Mdogo akajibu, "Hajasema." Wakacheka wote, wakaanza upya, wakapokezana zamu ya kuwa mdai.

Niliacha dagaa. Sikuwakataza, maana hakuna kosa walilofanya. Walikuwa wanacheza wanachokiona.

Kuna jingine nalisema kwa uzito. Jirani yangu anakaanga samaki. Mtoto wake alikuwa anazunguka pale jikoni kama watoto wote, akapiga teke kikombe cha mafuta ya kupima, kikamwagika. Mama akamtandika kofi ambalo nililisikia nikiwa ndani. Nilipotoka nilimkuta kakaa kizingitini analia kuliko mtoto. Aliniambia: "Mama, lile kofi lilikuwa la yule kijana wa mkopo. Mtoto kalipokea tu." Sisemi kwamba kumpiga mtoto ni sawa, na yeye mwenyewe nilimwambia hivyo siku ile ile na kesho yake nikarudia. Ninachosema ni kwamba yule mama hahitaji kufundishwa kwamba mtoto hapigwi. Analijua hilo. Alikuwa amepata usingizi wa saa tatu tu, hajala tangu jana mchana, na yale mafuta ndiyo yaliyobaki kati yake na wiki nyingine ya aibu. Subira nayo inakula chakula, wakubwa. Inahitaji usingizi. Mtu akiishiwa, inaisha na yenyewe, na mtoto ndiye aliye karibu.

Wala sisemi umaskini unaondoa mapenzi, Mungu anisamehe nikisema hivyo. Ninaye mama hapa mtaani anaokota chupa za plastiki, hana hata meza, na mtoto wake anaimba kutwa, kachangamka, kwa sababu huwa anazunguka naye mgongoni na wanaongea njia nzima kama marafiki wawili. Na nimewahi kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za geti, nikaona mtoto anayelelewa na televisheni na binti wa miaka 15 aliyetolewa kijijini. Fedha hailei mtoto. Lakini mwenye fedha akikosea ana pa kuegemea, na yule wa chupa siku akiugua sijui mtoto wake atamwimbia nani.

Akina baba msidhani nimewasahau. Wengi wa hapa wanaendesha bodaboda za mkataba. Hesabu ya tajiri lazima itimie kila siku, ikipungua pikipiki inachukuliwa hata kama kabakiza mwezi mmoja iwe yake. Anatoka giza, anarudi giza. Kuna mtoto hapa kwangu akiona kofia ngumu yoyote nyekundu barabarani anaita "Baba!" Baba yake ni mtu mwema kabisa. Nimemwona Ijumaa moja pikipiki iko gereji, kamchukua mwanawe mapema, wamekaa chini ya mwembe wanagawana embe. Mtoto alikuwa anampapasa kichwa, anashangaa kwamba kina nywele.

Tuje kwenye chakula. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, kutoka 34 ya mwaka 2015/16. Mmepiga hatua, na nawapa pongezi kwa moyo mmoja. Ila mkienda kliniki mkasikiliza, mtasikia mama anaelezwa habari za yai, maziwa, maharage na matunda kana kwamba hajawahi kusikia. Yai analijua. Mimi yai nanunua 400, nina watoto 17, na natoza 1,500 ambayo nusu sijalipwa. Kwa hiyo yai hapa kwangu ni Jumatano, na linakatwa. Siku nyingine nasaga dagaa natia kwenye uji. Na huu unga unaoitwa wa lishe wenye nafaka na karanga za aina kumi na mbili, wataalamu wameshasema mara nyingi kwamba kuchanganya kila kitu si lishe, lakini pakiti imeandikwa lishe na ina picha ya mtoto mnene, mama anajinyima na kuinunua. Hapo ndipo elimu yenu ingefaa kweli, na hapo ndipo sijaiona.

Matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali yanasemwa ni bure. Kumwona daktari, ndiyo. Dawa mara nyingi tunaandikiwa tukanunue duka la nje. Nisiendelee, mnajua.

La usingizi itabidi niliseme ingawa linanichoma. Kabla sijaanza kulea, na mpaka leo kwa wasio na pa kuwaacha, wapo wanaompa mtoto dawa ya mafua ile inayoleta usingizi, wanamfungia ndani na dada yake wa miaka 8 aliyekosa shule siku hiyo, wanakwenda sokoni. Niliwahi kuletewa mmoja mchana, hafumbui macho vizuri. Alipona. Mama yake alikuwa anatetemeka, akaniambia alimpa kijiko kimoja tu. Kijiko cha kupakulia wali.

Sasa nifike kwenye sababu ya kutolitaja soko. Miezi michache iliyopita alikuja mkaguzi na fomu. Akauliza uzio, eneo la kuchezea, choo cha watoto, chumba cha mgonjwa, cheti cha mlezi, idadi ya walezi kwa umri wa watoto. Nilimkaribisha, nikamwonyesha kila kitu, nikamwambia kwa kinywa changu kwamba uzio sina, cheti sina, choo ni kimoja na ni cha watu wazima, nimeweka ubao ili wadogo wasitumbukie. Akaandika. Akaniachia barua ya kusitisha huduma mpaka nitimize masharti. Alipokuwa anatoka mtoto mmoja alimshika suruali, akainama akamfuta kamasi kwa leso yake. Kwa hiyo simlaumu, ni mtu.

Masharti yale siyapingi hata moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina nia njema, na vituo vinavyogeuza watoto mifugo vipo, vifungwe. Lakini jaribuni kufikiri na mimi: nikifunga kesho, hawa 17 wanakwenda wapi? Kituo kilichosajiliwa kilicho karibu nasi kinafungua saa moja na nusu asubuhi, kinafunga saa kumi jioni, na ada yake ya mwezi ni zaidi ya mtaji wa mama ndizi. Watoto wangu hawatahamia kule. Watarudi kwenye kijiko cha kupakulia wali.

Ninachoomba cha kwanza ni hicho: wekeni daraja la chini la usajili kwa sisi walezi wa mitaani. Tupunguzieni idadi ya watoto mkitaka, mimi nitakubali hata 10 mkiniwezesha msaidizi. Tupeni mafunzo ya wiki mbili, mtupime afya, mtutembelee bila kutoa taarifa, mwenye kosa mfungie. Lakini masharti ya choo na uzio yapewe muda na yaje na msaada, hata mkopo wa tofali na saruji. Mtu akiwa na barua ya kufungwa chini ya mto anaanza kuwaficha watoto, na mtoto anayefichwa hakaguliwi na mtu. Mimi siku hizi mchana nafunga mlango wa mbele.

Cha pili ni chumba. Masoko yanajengwa, mengine ya ghorofa, na nimeyatembelea. Yana ofisi ya ushuru, maegesho, vyoo, machinjio ya kuku, kituo kidogo cha polisi. Chumba cha mtoto sijakiona. Mama ndizi analipa ushuru kila siku ya Mungu, anapewa risiti ya mashine. Katika ushuru wake huo wenyewe, sokoni hapo hapo, pajengwe chumba chenye maji, mkeka na walezi wawili, kifunguliwe saa kumi alfajiri kama soko linavyofunguliwa. Mama atakuja saa nne kunyonyesha, atakuja saa nane, hana haja ya semina. Mnasisitiza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6. Atanyonyaje, ikiwa ziwa liko Mabibo na mdomo uko kwangu?

Cha tatu ni kuhusu ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 4 kati yake ni ya wanawake, isiyo na riba. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024, na tulishangilia. Mkija mtaani muulize ni nani anayeachwa nje kikundi kinapoundwa. Ni mjamzito na mwenye mtoto mchanga. Wenzake wanamwambia waziwazi, wewe utatuangusha kwenye marejesho. Wekeni kipengele: mwanamke akijifungua, rejesho lake lisimame miezi 6, na kikundi kisiadhibiwe kwa ajili yake. Kwa kaya zilizo chini kabisa, TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, mnao tayari, mnajua nyumba zilipo na njia ya kufikisha fedha. Fedha kidogo ya miezi mitatu ya mwanzo kwa mzazi wa beseni, mtaji usiliwe, ingezuia kausha damu wengi kuliko matangazo ya redio. Na hao wakopeshaji, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wawe na leseni. Huku kwetu wanazunguka na daftari na pikipiki, ofisi hatuijui. Serikali ya mtaa inawajua kwa sura.

Programu ya malezi niliyoitaja ilipangiwa miaka mitano, 2021/22 hadi 2025/26. Muda wake ndio huo umefika, na naamini mahali fulani watu wameketi na kompyuta wanaandaa itakayofuata. Yale mambo matano msiyaguse, ni mazuri. Ila kwenye ukurasa wa malezi yenye mwitikio, kabla hamjaandika kwamba mzazi aongee na mtoto, andikeni saa. Andikeni ni saa ngapi.

Mkitaka kuona kabla ya kuandika, karibuni. Msije na msafara, watoto wanaogopa magari ya vioo vyeusi. Njooni Jumatatu, saa kumi alfajiri, mmoja au wawili, na mkaguzi yule, njia anaijua, mkimpata nitafurahi kumwona. Muulizeni mtu yeyote nyuma ya soko kwa mama wa watoto, mtaonyeshwa mlango wa bluu. Pigeni hodi. Mkisikia sauti ndogo inawajibu kwamba mama hayupo, kasafiri, msiondoke. Nipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlezi wa watoto, nyuma ya soko,
Dar es Salaam

Nakala: Wenyeviti wa serikali za mitaa, viongozi wa wafanyabiashara wa masoko, akina mama wa daftari langu, ambao watasomewa.